Kaseti ya Mpima na Debe la Mloka

Vijana wa bendi mmeniomba niandike, kwa kuwa vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vimegoma na daktari amesema havitarudi kazini. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nani alilipwa nini wala nani alifanywa kiongozi lini. Hayo yalikuwa na ugomvi wakati ule na ugomvi wenyewe sasa umelala. Nitaandika tulivyopiga, na namna vyombo mnavyovipiga ninyi leo vilivyonusurika kwenda Dar es Salaam juu ya gari la mtu.

Nilianza kazi Ndundu, enzi magari yote ya kusini yakivushwa mto Rufiji kwa pantoni. Malori yalipanga foleni tangu asubuhi, abiria walishuka kununua samaki wa kukaanga na kugombana na makondakta, na pembeni, chini ya turubai, ilikuwapo bendi yetu. Siku ya kwanza nilikwenda na gitaa la kuazima, nyuzi zake mbili zikiwa ni waya wa breki ya baiskeli. Mzee Shomari, kiongozi wetu na mpiga solo, alilipokea, akaligeuza, akalinusa.

"Hili gitaa au kitanda?"

"Linalia, Mzee."

"Hata kitanda kinalia ukikitikisa. Haya, kaa hapo, shika rithim. Vipigo kumi na viwili, vile vile, usibadili kitu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka pantoni irudi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Wimbo haukuisha kwa sababu maneno yameisha. Uliisha pantoni ikigonga gati upande wetu na watu wakikimbilia magari. Mto ukijaa, wimbo mmoja ulipita nusu saa. Kila bendi ina jina la mtindo wake, na wa kwetu uliitwa Subiri Pantoni. Hatukuona kama ni sanaa. Tuliona ni foleni.

Umeme wa vipaza sauti tuliutoa kwenye betri za malori yaliyokwama pale, na kumlainisha dereva afungue betri yake ilikuwa kazi yangu. Nilimpa wimbo wenye jina la lori lake. Akisita, nilimwongezea jina la mkewe. Dereva mmoja akataka na jina la mwanamke mwingine. Nikamwambia hilo ni betri ya pili.

Mzee Shomari ndiye aliyenifundisha kuhesabu mara mbili: mara ya kwanza gitaa lako, mara ya pili gitaa la mwenzako, yote kwa wakati mmoja. Alinifundisha pia kubana shingo ya gitaa kwa kipande cha penseli kilichofungwa na mpira wa tyubu. Msicheke. Kile kibano chenu cha dukani nimekijaribu mara mbili na mara mbili kimeteleza.

Daraja lilipoanza kujengwa, alikuja mpima ardhi mmoja wa Kizungu, mtu mrefu mwenye kofia ya turubai na Kiswahili cha kuokoteza. Sisi tulimwita Mpima, naye akaitika. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu tangu pantoni inaondoka mpaka inarudi, na gari lake likavuka bila yeye. Kisha akauliza nani alitufundisha kupiga hivi.

"Pantoni," Mzee Shomari akamjibu.

Kesho yake akaja na kaseti. Akataka tumpigie tena, nami nikamwambia tutampigia hata mara tatu, lakini kaseti ibaki. Akasema anayo hiyo moja tu. Nikamwambia na sisi bendi tunayo hii moja tu. Tukakubaliana: kaseti ikabaki, naye akaondoka na mkeka wetu wa ukindu.

Mpima alitueleza kaseti ile kwa muda mrefu, na nitawapa kwa kifupi kwa sababu ndiyo iliyobadili kazi yangu. Upande A walikuwa watunzi wa piano na marimba, watu wachache wa huko kwao, waliochoka na muziki wenye mambo mengi. Wakaamua kuchukua vipigo vichache tu, kuvirudia, na kubadili kitu kidogo sana kila baada ya muda, hata usijue kimebadilika lini. Upande B walikuwa vijana wa roki, wenye magitaa ya umeme na kinanda, waliochoka na nyimbo za dakika tatu. Hao waliwasikiliza wale wa upande A, wakachukua walichokiweza. Kinanda kinarudia kitu kimoja chini, hakitoki hapo, huku juu sauti zinabadilika polepole. Magitaa mawili yanagawana: hili linapiga pale lile linaponyamaza, na sikio lako ndilo linaloyashona. Au wanapunguza kipigo kimoja katika kila mzunguko, kumi na viwili vinakuwa kumi na kimoja, na mguu wako unakanyaga hewa.

Tulisikiliza pande zote mbili mara mbili. Upande A hakuna anayejitokeza mbele ya wenzake. Ni kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Upande B wanaanza hivyo hivyo, wanavumilia, wanavumilia, halafu mpiga solo anashindwa na kupiga kelele juu ya wote.

"Huyu wa B," Mzee Shomari alisema, "amepewa chakula cha watu akaongeza pilipili."

"Lakini Mzee, na wewe ni mpiga solo."

"Ndiyo maana namjua."

Mpima akasema pia kwamba baadhi ya wale wa upande A walikuwa wamekwenda kukaa na wapiga ngoma wa Afrika kujifunza. Nikamuuliza kama walifika Rufiji. Hapana, walikwenda nchi nyingine. Mzee Shomari hakushangaa. Alisema barabara yetu ingemshinda mtu mwenye piano.

Sasa niwaambie kosa letu. Redio kaseti ilikuwa ya Jumanne, mmoja wa waimbaji wetu wawili; mwenzake aliitwa Kassim. Betri za redio ile zilikuwa zimeanikwa juani mara nyingi kuliko dagaa. Kipande cha upande A tulichokipenda kilianza kwa kukimbia, kisha kikawa kinapungua mwendo, na sauti inashuka, inashuka, mpaka mwishoni piano zinanguruma kama kiboko. Tukasema hawa watu ni hatari. Tukaamua nasi tupige vile. Kila baada ya mizunguko kumi tulilegeza nyuzi kidogo huku tunapiga, na kwa kuwa mikono haikutosha, Jumanne na Kassim walichuchumaa nyuma yetu wakituzungushia funguo za magitaa. Tulifanya mazoezi siku kumi na moja. Abiria wa pantoni walituangalia kwa huruma.

Mpima akapita. Akasikiliza, akakunja uso.

"Kwa nini shuka?"

"Kama kwenye kaseti," nikamjibu.

"Kaseti hapana shuka."

Tukamwekea kaseti asikie mwenyewe. Alifungua tochi yake, akatoa betri mpya, akazitia kwenye redio, na piano zikaruka kama kuku aliyekanyagwa. Akakaa juu ya boksi la vifaa vyake, akacheka mpaka kofia ikadondoka. Mzee Shomari hakucheka. Alisema ile ya kushuka ni yetu na tutaitunza.

Kwa betri mpya ndipo tulipousikia ufundi wenyewe. Ni piano mbili zinazopiga vipigo vile vile. Moja inaharakisha kidogo sana, unywele tu. Inatangulia nusu kipigo, kisha kipigo kizima, kisha viwili, na katikati unasikia nyimbo ambazo hakuna anayezipiga. Halafu, baada ya safari yote hiyo, zinakutana tena. Mzee Shomari akasema: hiki tutakipiga.

Hatukuweza. Yeye alishika mwendo, mimi nikajaribu kutangulia. Kila nikitoka, sikio langu lilinirudisha kwake kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nikikaza zaidi, yeye ndiye aliyenifuata. Kule kuhesabu mara mbili nilikofundishwa ndiko kulikoniharibia: siwezi kumwacha mtu ninayemhesabu. Tuliendelea kujaribu mpaka Mpima akaondoka na daraja likafunguliwa.

Daraja lilipofunguliwa magari yalipita bila kusimama. Wauza samaki walihama, foleni ikafa, nasi tukahamia Kibiti tukiwa na nyimbo za nusu saa na hakuna mtu mwenye nusu saa. Vyombo havikuwa vyetu. Vilikuwa vya Bwana Athumani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, na siku moja alituita barazani kwake.

"Nyimbo zenu zilikuwa za watu waliokwama," alisema. "Sasa hakuna aliyekwama. Mtu akichoka anaondoka zake. Nimepata mnunuzi Dar, anakuja na gari kabla ya Maulidi."

Watu saba hatukuwa na kazi nyingine. Mzee Shomari alikuwa amepiga gitaa lile la solo miaka mingi kuliko aliyokaa na mkewe, na hakuwa na uwezo wa kununua hata kamba yake. Alitazama chini. Nikajua kusema ni zamu yangu.

"Tupe bugi moja, dansi la mchana tu, Bwana Athumani. Jumapili mchana, siku hiyo hiyo mnunuzi wako anapokuja. Tutapiga wimbo mmoja, saa nzima. Watu wakitoka, pakia. Wakibaki, vyombo vinabaki Kibiti."

"Wakitoka wangapi?"

"Nusu."

"Robo."

"Theluthi."

"Theluthi. Na mlango haufungwi."

Tukapeana mikono mbele ya fundi cherehani wa barazani, awe shahidi. Nikamwomba Bwana Athumani aseme masharti tena. Akasema tena, kwa hasira, lakini yalikuwa yale yale.

Nje Jumanne aliniuliza kwa nini nisiahidi nyimbo fupi. Mzee Shomari ndiye aliyemjibu: nyimbo fupi kila bendi ya Dar inazo, na vyombo vyao ni vizuri kuliko vyetu. Sisi tulikuwa na kitu kimoja tu, na hicho kimoja chenyewe tulikuwa hatujakiweza.

Wiki mbili kabla ya siku ile, shemeji yake Mzee Shomari alifiwa huko Mloka. Tulikwenda wawili, kutwa nzima juu ya lori, tope mpaka kwenye taa. Baada ya maziko tulikaa mkekani karibu na mashamba. Mpunga ulikuwa umeingia maziwa na ndege wameujua. Kila shamba lilikuwa na dungu lake la miti, na juu ya kila dungu mtu anapiga debe kuwafukuza. Mzee Shomari alinishika goti.

"Beka. Sikiliza hao wawili."

Madungu mawili yaliyo jirani yalikuwa yanapiga mpigo mmoja. Lile la kulia lilikuwa na haraka kidogo, unywele tu. Likatangulia, likaenda, likaenda. Niliyahesabu yote mawili. Yakakutana. Yakaachana tena, wala hakuna aliyemvuta mwenzake. Tuliacha msiba tukaenda shambani, jambo ambalo shemeji yake amelikumbusha mpaka juzi.

Dungu la kulia alikuwa Mwanaidi, binti mkubwa wa nyumba ya jirani na msiba, na la kushoto mama yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Huyo wa dungu la pili anakupigia karibu na sikio. Hakuvuti?"

"Anivute kwenda wapi? Yeye ana ndege wake, mimi nina wangu."

Tukamweleza shida yetu. Alikuwa tayari kuja kabla hatujamaliza, lakini mama yake alishuka ngazi ya dungu na debe mkononi.

"Mkimchukua, mpunga anaamia nani? Mkienda wiki mbili, mtanikuta na mabua."

"Nitakuletea watu wawili, mama," nikasema.

"Watu gani?"

"Waimbaji. Wana sauti."

"Sauti ya kuimbia na ya kufukuzia ni moja?"

"Ya kwao, mama, inafukuza hata wateja."

Akacheka, nami nikajua amekubali. Jumanne na Kassim, tulipowaambia Kibiti, hawakucheka. "Kaka Beka," Kassim aliniambia akipanda lori, "sisi ni wasanii." Nikamwambia ndiyo, na ndege nao ni hadhira.

Mwanaidi tulimpa tumba, akalipiga mara tatu akalirudisha. Alisema tumba linaitikia, na kinachoitikia kinakuvuta. Debe ukilipiga limenyamaza. Basi tukamfungia debe lake kwenye stendi na kipaza sauti mbele yake. Bendi nzima tukashika mwendo mmoja, yeye tukamwambia awe na haraka kidogo. Siku ya kwanza aliondoka, akazunguka, akarudi kukutana nasi bila kutoa jasho. Mzee Shomari aliweka gitaa chini akaenda kunywa maji, na alikaa huko muda.

"Kule napiga waondoke," Mwanaidi alisema, "hapa napiga wabaki. Kazi ile ile."

Jumapili ya bugi, Jumanne na Kassim walifika mchana na lori la mchele. Kassim akafungua mdomo kunisalimu, ikatoka hewa. Jumanne naye hewa. Walikuwa wamepigia ndege kelele wiki mbili kwa sauti ya jukwaani, kuanzia alfajiri, na kwa mashindano. Tukawa hatuna mwimbaji hata mmoja. Nilitaka wakakae nyuma. Mzee Shomari akakataa.

"Simameni mbele, shikeni vipaza sauti, msiseme kitu. Watu wakiona hakuna mtu mbele watadhani vyombo vimeharibika."

Niliwahesabu walioingia: mia moja arobaini na wawili. Mara ya pili mia moja arobaini na mmoja, maana mmoja alikuwa mnunuzi. Theluthi ni arobaini na saba. Bwana Athumani alisimama mlangoni na kipande cha karatasi. Gari la mnunuzi liliegeshwa nje, tela wazi, kamba tayari.

Tukaanza. Mara ya kwanza watu walicheza vizuri, kwa sababu debe na magitaa vilikuwa pamoja. Debe lilipoanza kutangulia, wakatazamana. Baadhi walimcheka Mwanaidi. Kumi na mmoja wakatoka. Wakafika ishirini. Nilikuwa nahesabu vipigo, nahesabu mlango, na nilitamani kugeuza shingo nimtazame Mwanaidi, lakini nilijua nikimtazama atanivuta au nitamvuta. Thelathini na nne. Arobaini. Mzee Shomari alikuwa anapiga huku amefumba macho.

Kisha uwanja ukagawanyika. Wanawake wa upande wa kulia wakaamua kulifuata debe. Vijana wa kushoto wakabaki na magitaa.

"Nyie mmepotea!" mama mmoja mwenye kanga nyekundu akapaza sauti.

"Mmepotea ninyi! Mnakimbilia wapi, boti ya Nyamisati?"

"Mtatukuta huko!"

Wakawa wanashindana, kila upande ukishikilia mguu wake. Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Debe lilikuwa limebakiza vipigo viwili kutimiza mzunguko, kisha kimoja, kisha nusu, na watu wakaanza kulisikia linakuja. Sauti za uwanjani zikapungua. Likaingia. Miguu yote ikakanyaga pamoja, na kelele iliyotoka pale ilimrudisha ndani kutoka mlangoni hata mtu aliyekwisha kuvaa viatu. Baada ya hapo debe likaondoka tena, na hakuna aliyetaka kuondoka kabla halijarudi. Tulikutana mara nne katika saa ile. Waliotoka waliishia arobaini na nne, na tisa kati yao wakarudi.

Tulipomaliza, Bwana Athumani alikuja na karatasi yake. Alikuwa amehesabu kama mimi.

"Hawakubakia huo muziki," alisema. "Walikuwa wanangoja waimbaji waanze. Saa nzima wamesimama na vipaza sauti pale mbele! Hata mimi nilikuwa nangoja."

"Tulikubaliana wabaki, Bwana Athumani. Sababu hatukuitaja. Ulisema masharti mara mbili."

Akamtazama fundi cherehani. Fundi cherehani akasema ni kweli, mara mbili, na sababu haikutajwa. Mnunuzi alikuwa amekaa kwenye boksi la dramu, mguu wake bado unagonga chini. Aliuliza kama tutapiga tena. Gari lake lilirudi Dar na kamba zake.

Huenda Bwana Athumani alisema kweli. Nimewauliza wengi waliokuwapo, kila mmoja mara mbili, na kuna waliobadili jibu. Vyombo havikubadilika, ni hivyo mlivyonavyo, na bendi anaiongoza Mwanaidi, mnayemwogopa kwa haki.

Lakini wiki ile ile mama yake alituma ujumbe. Jumanne na Kassim walipopotelewa na sauti hawakuwa wamejua kupiga debe, na ndege walikuwa wamekula kona nzima ya shamba. Makubaliano yalikuwa yangu, basi deni nalo likawa langu. Mwanaidi alihitajika kwenye bendi, kwa kuwa sasa tulialikwa mpaka Ruaruke, kwa hiyo nilikwenda Mloka mwenyewe kuamia mpunga uliobaki. Nilikaa juu ya dungu siku kumi na tisa. Siku ya sita bado debe la mama lilikuwa linanivuta. Siku ya tisa, asubuhi, nikasikia kwa mara ya kwanza mkono wangu ukitoka kwenye mwendo wake na kwenda zake: kipigo kimoja mbele, viwili, vitatu. Nilifumba macho. Nilikuwa nimefika kumi na kimoja, kimebaki kimoja tukutane, niliposikia debe lake limenyamaza.

"Wewe baba wa magitaa!" aliita kutoka dungu lake. "Fumbua macho, wanakula!"